Mkono Uliotangulia Jicho

Abiria wengi wakiiona ndege yenye injini mbili hujisemea kwamba moja ni ya kazi na nyingine ni ya akiba. Wanafunzi wa urubani nao huanza na imani hiyo hiyo, na wapo wanaomaliza kozi wakiwa bado nayo. Kaa pale uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenye mabenchi ya shule za urubani, umsikilize kijana aliyekwisha kupata leseni ya injini moja akihesabu alichobakiza: saa kadhaa kwenye ndege ya injini mbili, idhini ya kuruka kwa vyombo, mtihani, halafu kazi. Kwake hiyo ni mihuri tu ya kugongewa. Simlaumu sana. Saa ya ndege ya injini mbili hulipwa kwa dola, na pengine nyumbani kuna shamba lililokwisha kuuzwa kwa ajili yake.

Lakini hesabu ya akiba haipo. Injini moja ikizimika, nguvu hupungua nusu, ila uwezo wa kupanda haupungui nusu. Katika ndege ndogo unaweza kupotea kwa asilimia 80 au zaidi, kwa kuwa ndege hupanda kwa nguvu inayosalia baada ya ile inayotumika kuishikilia tu hewani isishuke. Chukua Piper Seminole, ndege ambayo imefundishia marubani wengi duniani. Kitabu chake kinasema kimo cha juu inachoweza kudumu nacho kwa injini moja ni futi 3,800. Wilson yenyewe iko futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari. Mwanafunzi anayepaa hapo na Seminole, kisha injini moja ikafa, ameambiwa na kitabu mapema kwamba hapandi tena. Atashuka polepole huku akitafuta pa kutua, na hapo ni kama injini iliyobaki ni nzima na yeye mwenyewe hakukosea kitu.

Na kukosea ni rahisi, maana ndege iliyobaki na injini moja haitaki kwenda mbele. Inataka kuzunguka, kama mtumbwi unaopigwa kasia upande mmoja. Rubani huizuia kwa mguu: anakanyaga pedali ya upande wa injini nzima, na akanyage kwelikweli, mpaka paja limtetemeke. Kwenye saa ya mwendo kuna mstari mwekundu. Mwendo ukishuka chini ya hapo, usukani wa mkia hauna tena nguvu ya kuushinda mvuto wa injini moja, na ndege hujipindua mgongo juu kabla mtu hajasema neno. Kuna pia mstari wa buluu, mwendo unaompa rubani kupanda kwingi kuliko wowote kwa injini moja. Maisha yake yote ya dakika zile yamo kwenye mstari huo wa buluu.

Sasa yaweke hayo yote ndani ya wingu.

Ndani ya wingu sikio la mtu humdanganya. Maji yaliyomo ndani ya sikio hutulia pale ndege inapopinda polepole, na rubani huamini yuko sawasawa hali bawa moja limeshalala. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwachukua marubani 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakawaingiza katika hali ya kutoona nje. Wote 20 walipoteza ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178. Kwa hiyo mafunzo ya vyombo ni kumzoesha mtu kutoliamini sikio lake wala makalio yake, bali kuamini saa sita zilizo mbele yake, na kuzipitia kwa macho kwa mpangilio mmoja usiokatika: upeo, mwendo, upeo, kimo, upeo, dira. Injini ikifa humo, mguu unavutwa, sikio linadanganya, kengele inalia, na mpangilio wa macho ndio kitu cha kwanza kuvunjika. Ndiyo sababu Kiambatisho cha Kwanza cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, hakiridhiki na mtu aliyejifunza kuruka kwa vyombo peke yake na injini mbili peke yake. Anayetaka kuitumia idhini ya vyombo kwenye ndege ya injini nyingi lazima awe amefundishwa kuiendesha ndege hiyo kwa vyombo pekee huku injini moja ikiwa imezimwa, au imefanywa kama imezimwa.

Na kinachofundishwa hapo, ukikivua istilahi zake, ni kuuchelewesha mkono.

Mkufunzi anayejua kazi humvisha mwanafunzi kofia ya kumzuia kuona nje, halafu, mara nyingi wakati mbaya kuliko wote, anairudisha injini moja kimyakimya huku ameifunika mikono yake kwa ramani. Pua ya ndege inateleza. Mwanafunzi anakanyaga. Mguu uliokanyaga ni wa injini nzima. Mguu uliolala bila kazi ndio upande wa injini iliyokufa. Anataja kwa sauti: "Kushoto." Hapo asiizime. Anaushika wenzo wa nguvu wa kushoto na kuurudisha polepole. Ikiwa amekosea, ndege itamwambia papo hapo kwa mlio na kwa mguu, naye ataurudisha mbele bila madhara. Ikiwa hakuna kilichobadilika, ndipo anapogeuza mapanga ya propela yakae ubavu, yaukate upepo badala ya kuuziba. Kwenye ndege za abiria zenye marubani wawili, jaribio hilo hugeuka kuwa mazungumzo: mmoja anaweka mkono juu ya wenzo na kuutaja, mwingine anatazama na kukubali, na wenzo hausogei mpaka akubali.

Tarehe 4 Februari 2015, mjini Taipei, Taiwan, utaratibu huu mfupi ulikuwa ndio kitu pekee kilichosimama kati ya watu 58 na mto.

Safari ilikuwa namba 235 ya shirika la TransAsia, kutoka uwanja wa Songshan kwenda kisiwa cha Kinmen. Ndege ilikuwa ATR 72-600, mpya, ndugu wa zile ATR ambazo wasafiri wa Mwanza na Bukoba wanazijua vizuri. Mbele walikaa marubani wawili, wote wenye cheo cha nahodha, na nyuma yao rubani wa tatu akitazama. Ikikimbia kwenye njia ya kurukia, taa inayothibitisha kwamba mtambo wa kulinda nguvu za kupaa uko tayari haikuwaka. Rubani mmoja alilisema. Wakaendelea. Taa ikaja kuwaka baadaye, na wakaona mambo yamekaa sawa. Wachunguzi baadaye waliligusa jambo hilo kwa pande zote mbili: walipaswa kusimama, na shirika lilikuwa halijaliandika wazi sharti la kusimama.

Kosa lilikuwa dogo la kuudhi. Ndani ya kifaa cha injini namba mbili, ya kulia, palikuwa na viungo vya lehemu vilivyokwisha kuchoka. Mawasiliano yakakatika, na kifaa kikadhani injini imekufa. Haikuwa imekufa. Wakiwa futi 1,200 hivi, mtambo ukafanya kile ulichotengenezwa kufanya: ukaigeuza propela ya kulia ikae ubavu, ukaipandisha injini ya kushoto nguvu, ukapiga kengele na kuandika kwenye kioo ni injini ipi. Yaani kila hatua ambayo kijana wa Wilson hufundishwa kuifanya kwa jasho ilikuwa imeshafanywa na mashine. ATR imetengenezwa iweze kuendelea kupanda kwa injini moja. Kilichobaki kwa marubani ni kuishika pua, kuitunza kasi, kusoma kioo, kisha kugeuza na kurudi uwanjani.

Nahodha aliyekuwa anaendesha aliondoa mtambo wa kujiendesha, akasema anarudisha wenzo wa injini namba moja. Moja ni ya kushoto, ile iliyokuwa imewabeba. Mwenzake akamwambia angoje, wahakikishe kwanza. Neno lilisemwa, na lilisemwa kwa wakati. Lakini mkono ulikuwa umeshaondoka. Mwenzake akaendelea na orodha yake, akathibitisha kwa sauti kwamba iliyozimika ni namba mbili. Mwendeshaji akawa bado anaitaja namba moja. Watu wawili wenye maelfu ya saa angani, wameketi bega kwa bega, kila mmoja ana injini yake kichwani. Mwishowe injini nzima ikazimwa kabisa. Usukani ukawa unatetemeka kuonya kwamba mwendo umekwisha na mabawa yanaacha kubeba.

Zaidi ya dakika moja ilipita ndipo yule nahodha alipotambua. Kinasa sauti kilimnasa akisema kwa mshangao kwamba amerudisha wenzo wa upande usio sahihi. Walikuwa wameshaanza kujaribu kuiwasha tena ile injini, lakini kimo kilikuwa kimekwisha. Picha za kamera za magari zilienea dunia nzima siku ile: ndege imelala ubavu juu ya barabara ya ghorofa, ncha ya bawa inaikata teksi, halafu Mto Keelung. Toka kengele ya kwanza hadi majini ni kama dakika mbili. Walikufa 43, wakapona 15.

Mtu akisoma habari hii harakaharaka atasema nahodha alikuwa mzembe, na kesi imekwisha. Mimi naona kesi ndiyo kwanza inaanza hapo, kwa sababu faili lake la mafunzo lilikuwepo, na lilikuwa limeandikwa vizuri. Mei 2014 alishindwa mtihani wa kupandishwa kuwa nahodha. Watahini waliandika kwamba ana tabia ya kutomaliza hatua za utaratibu, na kwamba husitasita panapotakiwa uamuzi. Akapewa mafunzo ya nyongeza, akatahiniwa tena, akapita, akapewa cheo. Novemba mwaka huo huo, alipokuwa anahamishiwa kwenye ATR 72-600, mkufunzi mwingine aliandika kwamba huenda akahitaji mafunzo zaidi kuhusu injini kuzimika wakati wa kupaa. Jambo hilo hilo, kwa jina lake. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alitimiza kipande chake, fomu ikasonga mbele, na mtu akasonga nayo.

Nimewahi kuwasikia wanafunzi wakijisifu kwamba wamepita "mara ya pili, lakini nimepita." Kupita mara ya pili si aibu. Swali ni kama kile kilichokuangusha mara ya kwanza kimeondoka, au siku ya mtihani wa pili hakikuulizwa tu.

Wala ugonjwa haukuwa wa injini peke yake. Miezi sita na siku kadhaa kabla, tarehe 23 Julai 2014, shirika hilo hilo lilipoteza ATR nyingine, ya toleo la zamani kidogo, safari namba 222 kutoka Kaohsiung kwenda Magong katika visiwa vya Penghu. Injini zote mbili zilikuwa nzima. Kimbunga Matmo kilikuwa kimepita eneo lile na mvua ilikuwa inazidi kadiri ndege ilivyokaribia. Njia waliyoitumia kutua ilikuwa na kimo cha chini kabisa cha futi 330: ukifika hapo hujaiona njia ya kurukia, unabaki kwenye kimo hicho hicho, na ukifika mwisho bila kuiona unapaa ukajaribu tena au uende kwingine. Walijiwekea futi 300, kisha 200, wakashuka wakichungulia nje. Mtambo wa kujiendesha ukaondolewa, ndege ikapinda kushoto bila wao kutambua, na walipotamka kupaa tena walikuwa kwenye kimo cha futi 72. Wakagonga miti, kisha nyumba za kijiji. Walikufa 48 kati ya 58.

Ziweke ajali hizi mbili pamoja, utaona zimeigawana idhini yenyewe katikati. Ya Magong ni nusu ya vyombo: jicho liliacha saa likaenda kutafuta taa kwenye mvua. Ya Taipei ni nusu ya injini mbili: mkono uliondoka kabla jicho halijasoma. Ripoti ya Magong ilisema wazi kwamba kuruka utaratibu hakukuwa kwa marubani wale tu, bali ilikuwa desturi iliyozoeleka katika shirika. Na desturi haianzi kwenye kiti cha nahodha. Huanza kwenye ndege ya mafunzo, siku mwanafunzi aliposhuka futi 20 chini ya kimo na mkufunzi akanyamaza kwa sababu kulikuwa kweupe na wote walikuwa wanaiona barabara.

Asidhani mtu kwamba haya ni ya Taiwan tu. Tarehe 8 Januari 1989, karibu na kijiji cha Kegworth, Uingereza, Boeing 737-400 ya British Midland ilivunjika upanga wa feni katika injini ya kushoto, na marubani wakaizima ya kulia. Mtikisiko ukapungua kwa sababu nyingine kabisa, nao wakachukua utulivu huo kuwa ushahidi. Walikufa 47 kati ya 126. La kushangaza zaidi ni abiria: waliokaa nyuma waliona cheche upande wa kushoto, wakamsikia nahodha akitangaza hitilafu ya kulia, wakatazamana. Nani angemwambia nahodha kwamba amekosea upande? Sisi tuliolelewa kutomkatiza mkubwa anapozungumza tunaielewa hali ile vizuri kuliko tungependa.

Hilo la ukubwa lina uzito wake kwenye madarasa yetu. Mwanafunzi humwita mkufunzi wake "Kepteni" hata wakiwa kwenye mgahawa, na rubani msaidizi wa miaka 23 hukaa kando ya mtu wa makamo ya baba yake. Kule Taipei mwenzake yule nahodha alisema wangoje. Alisema mara moja, akarudi kwenye orodha. Mafunzo ya sasa ya kushirikiana katika chumba cha marubani humtaka anayetazama asitosheke na kusema: auweke mkono wake mwenyewe juu ya wenzo wa injini nzima auzuie, na amwambie anayeendesha, "Hapana Kepteni, hiyo ni namba moja, iliyozimika ni namba mbili." Sentensi hiyo itamkwe darasani kwa sauti, tena na tena, mpaka isiwe utovu wa adabu. Asiyewahi kuitamka kwenye simuleta hataitamka kwenye futi 1,200.

Baada ya ajali ya 235 mamlaka ya anga ya Taiwan iliwaita marubani wa ATR wa shirika lile, ikawauliza kwa mdomo jinsi ya kukabiliana na injini iliyozimika. Katika duru ya kwanza 10 walishindwa, wakasimamishwa kuruka wakafunzwe upya. Wote walikuwa na leseni hai. Novemba 2016 TransAsia ilifunga shughuli zake.

Kwa kijana wa Wilson, au wa popote, aliye katikati ya kozi hii na anayeona saa zake za injini mbili zinayeyuka kama mshahara, kuna jambo la kufanya wiki hii. Aende ofisini aombe kulisoma faili lake, si alama tu bali yale maneno ambayo wakufunzi huandika kwa kalamu pembeni. Likiwepo neno lililojirudia kwa wakufunzi wawili, hilo ndilo la kulipia saa inayofuata. Kisha amwombe mkufunzi zoezi ambalo wanafunzi hulikwepa kwa kuwa linachosha na ni rahisi kulifeli: kofia usoni, ndege ikiwa imekwisha kushuka kwenye kimo cha chini kabisa, taa hazijaonekana, ameshaamua kupaa tena, na hapo ndipo injini moja inarudishwa bila kuambiwa ipi. Magurudumu bado yako nje, mwendo unaelekea kwenye mstari mwekundu, mguu unatafuta pedali. Amwombe pia mkufunzi, baadhi ya nyakati, asirudishe injini yoyote, bali aseme tu kwa sauti ya wasiwasi, "Namba moja hiyo! Zima!", ili ajue mkono wake utafanya nini.